Uhuru wa Sikio: Historia ya Albamu Moja ya Kelele



Wahenga walituachia swali ambalo tunalitumia hadi leo: pilipili usiyoila yakuwashiani? Kwa kawaida twalitumia kumkanya mtu anayejitia katika mambo yasiyomhusu. Hata hivyo, ukiitafakari methali hii utaona kwamba imejengwa juu ya jambo ambalo haikulitaja, nalo ni hiari ya mlaji. Anayejitilia pilipili sahanini atatokwa na machozi, atapuliza ulimi, kisha huenda akaongeza nyingine. Anayeshikwa na kulazimishwa kuimeza pilipili ileile ameteswa.

Leo nataka tuipime methali hii kwa historia ya albamu moja ya muziki kutoka Marekani. Albamu hiyo inaitwa *The Downward Spiral*, jina tunaloweza kulifasiri kama "Mzunguko wa Kushuka Chini", na bendi iliyoitoa ni Nine Inch Nails. Ni albamu ya roki ya kiviwanda, yaani roki inayochanganya magitaa na ngoma na milio ya mashine, mikwaruzo ya vyuma na sauti zilizoharibiwa kwa makusudi. Si lazima uipende. Wengi wanaoisikia kwa mara ya kwanza huziba masikio. Lakini albamu hii ilipendwa na vijana wapweke, ikalaaniwa na wanasiasa, na wimbo wake wa mwisho ukaimbwa upya na mzee aliyekaribia kaburi. Mwishowe muziki wa bendi hiyohiyo ukapigwa kwa nguvu masikioni mwa wafungwa. Swali letu katika makala haya ni la uraia: ni nani mwenye haki ya kuamua sikio la mtu lisikie nini?

Muziki uliozaliwa kando ya mashine

Muziki wa kiviwanda ulianza Ulaya katika miaka ya 1970. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, uliojulikana kwa viwanda vyake vya chuma cha pua, kundi la Cabaret Voltaire lilianza mwaka 1973 kufanya majaribio ya kanda na vifaa vya umeme. Mwaka 1975 kundi la Throbbing Gristle liliundwa, na mwaka uliofuata likaanzisha kampuni yake ya kurekodi, Industrial Records. Kutokana na kampuni hiyo, aina nzima ya muziki ikapata jina.

Huko Berlin Magharibi, mwaka 1980, lilizuka kundi la Einstürzende Neubauten, ambalo jina lake lina maana ya "majengo mapya yanayobomoka". Vijana hao walipiga mabati, chemchemi za vyuma, nyundo na keekee kama wengine wapigavyo zeze na marimba. Januari 1984, katika ukumbi mmoja wa sanaa mjini London, wanakundi hao na wenzao walitumia mashine za ujenzi jukwaani hadi sakafu ikaanza kutobolewa, na wakuu wa ukumbi wakalisimamisha onyesho.

Tusiharakishe kusema kwamba huo ulikuwa wazimu. Wanamuziki hawa walikuwa watoto wa miji ya viwanda. Mshairi wa pwani husikia mawimbi na upepo wa kusi, na sauti hizo huingia katika mizani ya shairi lake. Mtoto wa Sheffield alisikia mitambo ya kufulia chuma. Waliuliza swali la haki kabisa: kwa nini muziki wetu uigize ndege wa msituni ilhali sisi tumelelewa na ngurumo za karakana?

Kutoka Ulaya muziki huo ulivuka bahari. Mjini Chicago, bendi ya Ministry iliyoongozwa na Al Jourgensen iliuchanganya na magitaa makali ya roki. Hivyo ndivyo njia ilivyofunguliwa kwa kijana mmoja wa Pennsylvania.

Kijana wa Mercer

Trent Reznor alizaliwa mwaka 1965 na kukulia Mercer, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walipoachana alilelewa na babu na bibi yake, akafundishwa kupiga piano tangu utotoni. Si mbali na Mercer, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, uko mji wa Youngstown, Ohio. Tarehe 19 Septemba 1977, kampuni kubwa ya chuma ya mji huo ilitangaza kufunga kiwanda chake kikuu, na watu wapatao 5,000 wakapoteza ajira. Siku hiyo wenyeji waliita Jumatatu Nyeusi. Eneo lote hilo, lililokuwa moyo wa viwanda vya Marekani, likaanza kuitwa ukanda wa kutu.

Reznor alihamia Cleveland, akapata kazi katika studio ya kurekodi kama msaidizi na mfagiaji. Wateja walipoondoka na vyumba vikabaki vitupu, mwenye studio alimruhusu kutumia vifaa. Kwa njia hiyo, saa za ziada za usiku zilizaa albamu yake ya kwanza, *Pretty Hate Machine*, iliyotoka mwaka 1989. Ingawa Nine Inch Nails huitwa bendi, wakati huo ilikuwa kwa kweli mtu mmoja na mashine zake. Wengine waliitwa hasa kwa ajili ya matamasha.

Mwaka 1992 Reznor alikodi nyumba huko Los Angeles akaigeuza studio. Nyumba hiyo ilikuwa na historia nzito. Agosti 1969, wafuasi wa Charles Manson waliwaua watu watano hapo, miongoni mwao mwigizaji Sharon Tate aliyekuwa mjamzito. Wauaji waliandika neno moja la matusi mlangoni kwa damu, nalo lina maana ya nguruwe. Reznor aliipa studio yake jina lililokumbusha neno hilo. Baadaye alieleza kwamba alikutana na dada wa marehemu, naye akamuuliza kama alikuwa akikitumia kifo cha ndugu yake kwa manufaa yake. Reznor alisema kwamba swali hilo lilimtikisa, kwa maana kwa mara ya kwanza aliiona habari hiyo kwa upande wa waliofiwa, akalia.

Nimelitaja tukio hili kwa sababu linahusu somo letu. Msanii ana uhuru mpana wa kusema, lakini uhuru huo haumfutii mwingine haki ya kumwuliza. Hakuna sheria iliyomlazimisha Reznor kumjibu mwanamke yule. Alihukumiwa na dhamiri, na kwa raia muungwana hiyo nayo ni mahakama.

Albamu yenyewe

*The Downward Spiral* ilitoka tarehe 8 Machi 1994. Ina nyimbo 14 na huchukua kiasi cha dakika 65. Inasimulia habari za mtu mmoja anayeshuka hatua kwa hatua: anaikana imani, anajitenga na wenzake, anatafuta faraja katika anasa na dawa za kulevya, anahisi anageuka mashine, na mwishowe anafika ukingoni mwa kujiua.

Sauti ya kwanza kabisa katika albamu si gitaa wala ngoma. Ni mapigo yaliyochukuliwa kutoka filamu ya *THX 1138* ya mwaka 1971, katika sehemu ambapo mfungwa anapigwa na mlinzi. Mapigo hayo yanaongeza kasi hadi muziki unalipuka. Naomba uliweke jambo hili akilini, kwa maana tutalirudia.

Wengi hudhani kwamba albamu kali ni kelele tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hii si hivyo. Ukali wake umetokana na mpangilio. Wimbo mmoja unakimbia kwa mapigo yasiyolingana, kiasi kwamba mguu unaojaribu kufuata unajikwaa. Kisha ghafla kila kitu kinanyamaza, na piano inasikika peke yake kwa sauti ya upole. Katikati ya albamu kuna kipande kisicho na maneno, kitulivu kama maji ya ziwa alfajiri. Wimbo wa mwisho, *Hurt*, unaanza kwa mnong'ono wa mtu aliyejiumiza na kubaki na majuto. Kelele huuma kwa sababu kimya kimetangulia, na kimya hutisha kwa sababu msikilizaji anajua kelele zaja.

Katika juma lake la kwanza albamu ilishika nafasi ya 2 katika orodha ya mauzo ya Marekani. Kufikia mwaka 1998 ilikuwa imepewa hati ya kuthibitisha nakala milioni 4 nchini humo. Agosti 1994, katika tamasha kubwa la Woodstock la mwaka huo, wanabendi walipanda jukwaani wakiwa wamejaa matope mwili mzima, mbele ya umati mkubwa uliokuwa na matope vilevile. Watazamaji wa televisheni waliona kundi la watu waliofanana na udongo wakipiga ala kama wanaovunja nyumba. Wazazi wengi walishtuka. Watoto wao walikwenda kuinunua albamu.

Kwa nini mtu apende ukali?

Hapa wengi huuliza: mtu mwenye akili timamu anapata nini katika muziki wa namna hii? Jibu la mashabiki wengi limekuwa moja. Mtu mwenye huzuni akiimbiwa wimbo wa furaha hujiona mpweke zaidi, kama mfiwa aliyealikwa harusini. Akisikia sauti inayolingana na machafuko yaliyo ndani yake, hujua kwamba kuna mwingine aliyewahi kupita njia hiyo. Sisi wenyewe tunalijua jambo hili. Katika jamii zetu nyingi mfiwa haambiwi anyamaze. Waombolezaji huja kulia pamoja naye, na kilio cha wengi humpunguzia mzigo.

Wanasayansi nao wamelichunguza suala hili. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha utafiti uliowahusu wasikilizaji 39 wa muziki mkali wa metali na aina zilizo karibu nao. Wasikilizaji hao walikasirishwa kwa makusudi, kisha baadhi wakasikiliza muziki wao na wengine wakakaa kimya. Muziki haukuwazidishia hasira. Waliripoti kwamba hisia zao zilikuwa nzuri zaidi na kwamba walipata ari. Ni utafiti wa watu wachache, na hatupaswi kuubebesha zaidi ya uwezo wake. Lakini angalia jambo moja: watu hao walikuwa tayari wapenzi wa muziki huo, na kila mmoja alichagua nyimbo zake mwenyewe. Walikuwa wameila pilipili kwa mkono wao.

Wanasiasa waingia ukumbini

Ugomvi kati ya muziki na siasa nchini Marekani ulikuwapo kabla ya albamu hii. Mwaka 1985 kundi la wazazi lililoongozwa na wake wa viongozi mashuhuri, akiwemo Tipper Gore, mke wa Seneta Al Gore, lilidai kwamba albamu zenye maneno machafu ziwekewe alama. Tarehe 19 Septemba mwaka huo Kamati ya Seneti iliketi kusikiliza hoja. Wanamuziki watatu walifika kupinga: Frank Zappa, Dee Snider na John Denver. Huyu wa tatu alikuwa mwimbaji mpole wa nyimbo za milima na mashamba. Alieleza kwamba wimbo wake mmoja wa kuisifu milima uliwahi kukataliwa na baadhi ya vituo vya redio, kwa sababu kuna waliodhani anasifu dawa za kulevya. Ushahidi wake ulikuwa na uzito, kwani ulionyesha kwamba anayesikiliza kwa nia ya kukamata kosa huweza kulisikia hata pale ambapo halipo.

Matokeo yake yakawa kibandiko cha rangi nyeusi na nyeupe cha kuwatahadharisha wazazi, ambacho tangu mwaka 1990 kilianza kutumika kwa sura moja. Kwa maoni yangu, kibandiko si jambo baya. Kinampa mzazi taarifa, na taarifa huisaidia hiari. Tatizo huanza pale taarifa inapogeuzwa kuwa hukumu.

Mwaka 1995 vita vilipamba moto tena. William Bennett, aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu, alishirikiana na C. Delores Tucker, mwanaharakati mkongwe wa haki za watu weusi, kuilaumu kampuni ya Time Warner kwa kufaidika na muziki wa matusi na ukatili. Lawama zao zililenga hasa muziki wa rap, lakini *The Downward Spiral* nayo ilitajwa, hususan wimbo mmoja unaomwiga mwanamume anayejigamba kwa bunduki yake. Reznor alidai kwamba wimbo huo ulikuwa kejeli, yaani ulikuwa unayadhihaki majigambo hayo. Mwezi Mei mwaka huo Seneta Bob Dole, aliyekuwa akiwania urais, naye aliishambulia Time Warner katika hotuba aliyoitoa Los Angeles. Kufikia Septemba kampuni hiyo ilikuwa imeuza hisa zake katika Interscope, kampuni iliyoisambaza albamu.

Tuwatendee haki wakosoaji. Bi Tucker hakuwa adui wa uhuru. Alikuwa mama aliyeona wasichana wa jamii yake wakitukanwa kwa nyimbo zinazoingizia matajiri fedha, naye alikuwa na haki ya kupaza sauti, kususia bidhaa na kuwaaibisha wakurugenzi. Hiyo ndiyo kazi ya raia. Ingekuwa jambo jingine kabisa kama serikali ingetumia polisi kuzikusanya kaseti majumbani.

Kisha likaja jambo zito zaidi. Tarehe 20 Aprili 1999 wanafunzi wawili wa shule ya Columbine, jimbo la Colorado, waliwapiga risasi wenzao. Siku hiyo wanafunzi 12 na mwalimu mmoja waliuawa. Taifa lililokuwa na uchungu lilitafuta sababu, na haraka sana kidole kikaelekezwa kwa muziki wa kiviwanda. Aliyelaumiwa zaidi alikuwa mwimbaji Marilyn Manson, ambaye Reznor aliwahi kumsaidia kutengeneza albamu. Ni kweli kwamba mmoja wa wauaji alizitaja nyimbo za Nine Inch Nails katika maandishi yake. Ni kweli pia kwamba mamilioni ya watu walikuwa wameisikiliza albamu hiyohiyo kwa miaka mitano, wakaamka asubuhi wakaenda shuleni na kazini bila kumdhuru mtu. Tukisema kwamba muziki ndio chanzo, tutalazimika kueleza kwa nini chanzo hicho hakikuzaa kitu kwa hao wengine wote. Mtu aliyekwisha kuamua kuua anaweza kuchukua chochote kuwa kioo chake.

Mzee na wimbo wa kijana

Miaka minane baada ya albamu kutoka, wimbo wake wa mwisho ulipata sikio ambalo hakuna aliyelitarajia. Johnny Cash, gwiji wa muziki wa kantri, alikuwa na umri wa miaka 70. Alikuwa mgonjwa, macho yakiwa hafifu na vidole vikikosa nguvu. Mtayarishaji Rick Rubin alimpendekezea *Hurt*. Cash aliurekodi kwa gitaa na piano, akaondoa neno moja la matusi na badala yake akaweka neno la miiba, hivi kwamba taji linalotajwa katika wimbo likakumbusha taji la Yesu. Albamu yake ilitoka Novemba 2002.

Maneno mengine yote yalibaki yaleyale, lakini maana ilihama. Kilichokuwa kilio cha kijana ambaye hajatimiza miaka 30, anayetamani kuufuta uhai wake, kiligeuka toba ya mzee anayeupima uhai uliokwisha. Filamu fupi ya wimbo huo iliongozwa na Mark Romanek, ambaye mwaka 1994 alikuwa ameongoza filamu iliyozua mabishano ya wimbo mwingine wa albamu hii. Inamwonyesha Cash akiwa nyumbani kwake na katika jumba lake la kumbukumbu lililochakaa, mkewe June Carter akimtazama kutoka kwenye ngazi. June alifariki Mei 2003, na Cash mwenyewe akafariki tarehe 12 Septemba mwaka huohuo. Reznor, ambaye mwanzoni alikuwa na shaka, alikiri baada ya kuiona filamu hiyo kwamba alihisi wimbo si wake tena.

Watu waliokuwa wakiiogopa albamu ya mwaka 1994 walitokwa na machozi kwa wimbo uleule. Hili latufundisha kwamba hofu yetu mara nyingi huwa juu ya sauti na mavazi ya msemaji kuliko maneno yake.

Kuna jambo jingine kuhusu Cash. Mwaka 1968 alikwenda kuimba katika gereza la Folsom, na mwaka uliofuata katika gereza la San Quentin, yote mawili yakiwa California. Wafungwa walimshangilia kwa sauti zinazosikika katika rekodi hizo hadi leo. Walikuwa wamefungwa, lakini kwa saa moja masikio yao yalikuwa huru.

Muziki gerezani kwa namna nyingine

Sasa tufike mahali pagumu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani iliwashikilia mamia ya watu katika kambi ya Guantánamo, Cuba, na wengine katika magereza ya siri ya shirika lake la ujasusi, CIA. Nyaraka za shirika la upelelezi la FBI zilizotolewa hadharani mwaka 2004, pamoja na ushahidi wa waliokuwa wafungwa, zilionyesha kwamba muziki wa sauti kubwa mno ulitumika kuwanyima watu usingizi na kuwavunja nafsi, wakati mwingine pamoja na taa za kumulikamulika. Desemba 2008 vyombo vya habari viliripoti orodha ya muziki uliotumika. Nine Inch Nails walikuwamo.

Rudi sasa kwenye sauti ile ya kwanza ya albamu: mfungwa anayepigwa na mlinzi. Kilichokuwa mfano wa kisanaa kilikutana na mfungwa halisi na mlinzi halisi. Mwingereza mmoja aliyewahi kushikiliwa Guantánamo alieleza kwamba kipigo aliweza kukivumilia, kwa sababu mtu huweza kuiandaa akili yake kabla. Mateso ya akilini hayana maandalizi.

Je, hili linathibitisha kwamba wanasiasa wa mwaka 1995 walikuwa sahihi, na kwamba muziki huu ni sumu? Tazama orodha hiyo kwa makini. Ndani yake mlikuwa pia na wimbo wa Barney, mnyama wa zambarau wa kipindi cha watoto, anayewaimbia watoto wadogo kwamba anawapenda. Wimbo huo ulipigwa kwa sauti ya kupasua masikio, ukarudiwa tena na tena, nao ukawa chombo cha kutesea. Kama wimbo wa kulelea mtoto unaweza kugeuzwa rungu, basi rungu haliko ndani ya wimbo. Liko katika mkono unaoshika kitufe na katika minyororo inayomzuia msikilizaji asiondoke.

Habari hizi hazikuishia mbali nasi. Mwaka 2003 mvuvi mmoja, raia wa Tanzania, alikamatwa mjini Mogadishu, akapelekwa Afghanistan katika gereza la CIA ambamo wafungwa waliwekwa gizani, wamefungwa minyororo, muziki ukivuma mfululizo. Aliachiliwa mwaka 2008 bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Mwaka 2015 yeye na wenzake walifungua kesi nchini Marekani dhidi ya wanasaikolojia wawili walioubuni mpango huo. Kesi hiyo, inayojulikana kama *Salim dhidi ya Mitchell*, ilimalizika kwa suluhu Agosti 2017, kabla tu ya kusikilizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama.

Sheria ilikuwapo zamani. Mwaka 1978 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza ilikosea kwa kuwatendea watu wa Ireland Kaskazini, mwaka 1971, mbinu tano za kuhoji, mojawapo ikiwa kelele zisizokoma; mahakama iliziita vitendo visivyo vya kibinadamu na vya kudhalilisha. Marekani yenyewe iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso Oktoba 1994, miezi saba tu baada ya *The Downward Spiral* kutoka. Kwa hiyo, katika mwaka mmoja, nchi hiyo ilimpa raia wake haki ya kusikiliza kelele na ikaahidi kutomtesa mtu yeyote. Haki ya kwanza ilijadiliwa kwa ghadhabu televisheni. Ahadi ya pili ilivunjwa kimyakimya.

Reznor aliposikia habari hizo alighadhibika, akaeleza kwamba ni vigumu kwa msanii kufikiria tusi kubwa kuliko hilo. Shirika la Reprieve la London lilianzisha kampeni ya wanamuziki kukaa kimya kwa muda katika matamasha yao kama ishara ya kupinga. Oktoba 2009 wanamuziki kadhaa waliunga mkono ombi la kutaka serikali itoe nyaraka zote zinazohusu muziki uliotumika. Miongoni mwao alikuwamo Reznor, na alikuwamo pia Rosanne Cash, binti wa mzee yule aliyewaimbia wafungwa wa Folsom.

Funzo kwa raia

Uhuru wa sikio una pande mbili, na mara nyingi tunakumbuka mmoja tu. Upande wa kwanza ni haki ya kusikiliza kile ambacho wengine wanakichukia. Upande wa pili ni haki ya kutosikiliza, yaani kuzima, kuondoka, kulala usingizi. Anayepiga marufuku wimbo anaunyima upande wa kwanza. Anayemfunga mtu na kumlazimisha kusikia anauvunja upande wa pili, na kosa lake ni kubwa zaidi, kwa sababu sikio halina kope la kufumba.

Hata katika mitaa yetu funzo hili lina kazi. Kijana anayesikiliza muziki mkali chumbani kwake, visikizi masikioni, hana ugomvi na mtu. Mwenye baa, mwenye duka au hata mwenye nyumba ya ibada anayeelekeza spika kwenye dirisha la mgonjwa saa nane za usiku ameuvuka mpaka, hata kama anachokipiga ni kitamu na kitakatifu. Tunaposhauriana na jirani au kuandika malalamiko kwa serikali ya mtaa, tusilaumu aina ya muziki. Tuulize kama anayesikia ana njia ya kuukwepa.

Wahenga walikuwa sahihi kwamba pilipili usiyoila haikuwashi. Ni juu yetu, raia, kuhakikisha kwamba hakuna anayelishwa kwa nguvu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya kumtahadharisha msikilizaji na kumkataza. Ni nani anayepaswa kufanya kila moja?
2. Kwa nini mwandishi anautaja wimbo wa Barney? Je, hoja hiyo inakuridhisha?
3. Wimbo *Hurt* ulibadilika maana ulipoimbwa na mzee. Toa mfano wa wimbo au methali ya kwenu ambayo maana yake hubadilika kulingana na umri wa msemaji.
4. Andika aya mbili ukimshauri jirani apunguze sauti ya spika. Tumia lugha ya heshima, na usiutukane muziki wake.